Ndege wa Majira ya Baridi na Watu Wanaowahesabu

Mwezi wa Januari ukifika, mkulima aliye karibu na Ziwa Ol'Bolossat au bwawa lolote la Nyandarua huenda akaona watu watatu wanne wamesimama kando ya maji asubuhi na mapema. Mmoja ameshika darubini, wa pili ana daftari, na wengine wanatazama majani na matope kana kwamba wamepoteza kitu. Baadhi yao ni wageni kutoka mjini, na baadhi ni watu wa hapo hapo, wakulima, walimu na wanafunzi. Hakuna anayewalipa mshahara kwa kazi hiyo. Wanahesabu ndege.

Watu wengine wakiwaona hushtuka. Si ajabu, kwa maana baba na babu za wengi wenu walipata mashamba katika miaka ya 1960, wakati nchi hizi za juu zilipokatwa vipande na kugawiwa wakulima, na tangu siku hizo mtu mwenye daftari na chombo cha kutazamia mbali ndiye mpima ardhi. Basi na ijulikane kwanza kwamba hawa si wapima. Hawaandiki namba ya shamba wala idadi ya ng'ombe, na kuhesabiwa ndege katika shamba lako hakubadilishi hati yako hata kidogo. Walakini tusiseme kwamba hesabu yao haina maana kwa ardhi. Ina maana kubwa, nasi tutaieleza.

Yafaa tuanze na ndege wenyewe. Ndege unaowaona nyumbani ni wa namna mbili. Wako wenyeji ambao huzaa na kukaa hapa mwaka mzima, na wako wageni wanaofika mnamo Septemba na Oktoba, kisha huondoka Machi na Aprili. Wageni hao huzaliwa Ulaya na Asia, katika nchi ambazo kuanzia Desemba hata Februari hufunikwa na theluji. Watu hudhani kwamba ndege hukimbia baridi. Lakini ndege ana manyoya, naye aweza kuvumilia baridi nyingi akiwa ameshiba. Kinachomfukuza ni njaa. Wadudu hufa au hujificha, maziwa hugeuka barafu, na matope ambamo ndege wengine huchokoa chakula kwa midomo yao huwa magumu kama sakafu ya simiti. Hapo ndege hana la kufanya ila kusafiri kwenda mahali penye chakula.

Bila shaka unawajua wengi wao hata kama hukujua kwamba ni wageni. Yule mbayuwayu mwenye koo jekundu na mkia kama uma, anayepita chini chini juu ya nyasi jioni, ana uzani wa gramu 20 hivi, naye amevuka bahari na jangwa la Sahara. Wapo mbayuwayu wenzake ambao hata hapa hawatui, huendelea mpaka Afrika Kusini. Yule ndege mdogo wa manjano ambaye hutikisa mkia na kukimbia kati ya miguu ya ng'ombe, akikamata nzi wanaofurushwa na kwato, naye ni mgeni. Utaona kwamba mwezi wa Juni hayupo. Korongo mweupe mwenye mabawa meusi na mdomo mwekundu huzaa juu ya mapaa ya nyumba huko Ulaya, na hapa kwetu hufuata mahali penye nzige na viwavi jeshi. Katika maji utaona bata mwenye mdomo mpana kama kijiko, na mwingine mwenye shingo ndefu na mkia uliochongoka. Juu ya miti mikavu hutua tai mkubwa wa rangi ya kahawia atokaye katika mbuga za Kazakhstan, Urusi na Mongolia. Tai huyu amehesabiwa miongoni mwa ndege walio katika hatari ya kutoweka duniani, naye ni rafiki wa mkulima wa viazi, kwa kuwa hula panya na fuko.

Sasa, nani aliyeanza kuwahesabu ndege kwa namna hii? Kazi hii ya watu wa kujitolea ilipata nguvu Amerika. Zamani huko ilikuwa desturi siku ya Krismasi watu kugawanyika makundi mawili, wakachukua bunduki, wakaenda porini kushindana. Kundi lililorudi na rundo kubwa zaidi la wanyama na ndege waliouawa ndilo lililoshinda, wala haikujaliwa kama nyama ile italiwa au itaoza. Mwaka wa 1900 mtaalamu wa ndege aliyeitwa Frank Chapman, wa jumba la makumbusho la New York, alishauri kwamba watu waende vile vile siku ya Krismasi, lakini wahesabu ndege walio hai badala ya kuwaua. Watu 27 walikubali, wakahesabu katika mahali 25. Hesabu hiyo haijakoma mpaka leo. Siku hizi maelfu kwa maelfu ya watu hushiriki kila mwaka, kati ya tarehe 14 Desemba na tarehe 5 Januari.

Mpango wao ni rahisi, na ndiyo sababu umedumu. Huchorwa duara katika ramani, upana wake kilomita 24 kutoka upande mmoja hadi wa pili, na duara hilo halihamishwi. Huchaguliwa siku moja. Watu wa mahali hapo hugawana duara vipande vipande, kila kikundi na kipande chake, wakahesabu kila ndege wanayemwona au kumsikia. Katika miji midogo ya milimani, ambako mwezi huo theluji hufika magotini, wazee wasioweza kutembea hukaa dirishani nyumbani kwao, wakahesabu ndege wanaokuja kula mbegu walizowekewa uani. Hesabu ya mzee wa dirishani huingia katika jumla pamoja na ya kijana aliyepanda mlima.

Lakini jambo la akili kuliko yote katika mpango ule ni hili: pamoja na idadi ya ndege, kila kikundi lazima kiandike kilikuwa na watu wangapi na kilitafuta kwa saa ngapi. Mfugaji wa ng'ombe wa maziwa ataelewa mara moja. Ukiniambia kwamba umepeleka lita 60 kwenye chama cha ushirika, sijui kama wewe ni mfugaji hodari mpaka nijue ulikamua ng'ombe wangapi. Tuseme mwaka huu watu watatu wametembea kando ya bwawa kwa saa mbili, wakaona bata 40. Mwaka ujao waje watu kumi na wawili, watembee kutwa, waone bata 90. Je, bata wameongezeka? Huenda wamepungua sana, ila macho ndiyo yaliyoongezeka. Bila kuandika watu na saa, daftari lile ni karatasi tupu.

Na hesabu za namna hiyo, zikitunzwa miaka mingi, huonyesha mambo ambayo jicho la mtu mmoja haliwezi kuyaona. Mwaka wa 2019 wataalamu wa Marekani na Kanada walikusanya hesabu nyingi za watu wa kujitolea, ile ya Krismasi ikiwa mojawapo, wakapata kwamba tangu mwaka wa 1970 ndege wa bara lao wamepungua karibu bilioni 3, yaani zaidi ya mmoja katika kila wanne. Ndege wa nyanda za majani ndio waliopatwa na hasara kubwa kabisa: zaidi ya nusu yao hawapo tena. Hakuna mtu aliyeona siku walipoondoka, kwa maana walipungua kidogo kidogo, kama udongo unavyochukuliwa na maji katika shamba lisilo na matuta. Upande wa pili, hesabu hizo hizo zilionyesha kwamba bata na mabata bukini wameongezeka, kwa kuwa mabwawa yao yalilindwa. Kwa hiyo daftari halileti habari mbaya tu.

Tugeukie sasa nchi yetu. Tangu mwaka wa 1967 iko hesabu ya ndege wa maji ambayo hufanywa katika nchi nyingi wakati mmoja, katikati ya Januari. Kenya imeshiriki tangu mwanzo wa miaka ya 1990, chini ya Makumbusho ya Taifa pamoja na chama cha Nature Kenya, ambacho asili yake ni chama cha elimu ya viumbe kilichoundwa mwaka wa 1909. Wanaohesabu wengi ni watu wa kujitolea. Huenda Nakuru, Naivasha, Elmenteita, Bogoria na maziwa mengine, na mabwawa ya nchi za juu pia.

Mtu aweza kuuliza, kwa nini Januari? Sababu ni kwamba mnamo Oktoba ndege bado wako safarini, leo yuko Sudan, kesho yuko kwako. Ukimhesabu wakati huo, huenda akahesabiwa tena Tanzania juma lijalo. Lakini Januari wengi wao wametulia mahali walipopata chakula. Nchi zote zikihesabu wakati mmoja, ndege mmoja haandikwi mara mbili. Ni kama kuhesabu kondoo: ngoja waingie zizini kwanza.

Ol'Bolossat ina nafasi yake katika habari hii. Liko zaidi ya mita 2,300 juu ya bahari, chini ya milima ya Nyandarua ambayo kilele chake hufika karibu mita 4,000. Ni humo Mto Ewaso Narok huanzia, mto uendao kwenye maporomoko ya Nyahururu na kisha kuelekea nchi kavu za Laikipia, ambako watu na mifugo huungojea. Maji ya ziwa hupanda na kushuka. Mwaka wa mvua huwa ziwa hasa, na mwaka wa ukame sehemu kubwa huwa majani na matope. Hapo ndipo watu husema, "Hili si ziwa, ni ardhi iliyolala bure," wakaanza kulima mpaka kwenye matete. Ndege wanajua zaidi. Mwaka wa kiangazi, mahali pale penye tope ndipo wageni wenye miguu mirefu hupata chakula chao, na maji yakirudi, bata nao hurudi. Mwaka wa 2018 Serikali ilitangaza katika gazeti rasmi kwamba ziwa hilo na ardhi yake ya maji ni mahali pa kulindwa.

Hii ndiyo maana tuliyosema kwamba hesabu yahusu ardhi. Watu wanapokaa mezani kuamua bwawa lipi lilindwe, lipi likaushwe, na mpaka wa matete uwe wapi, mtu mwenye daftari la miaka mingi husikilizwa kuliko mtu mwenye maneno mengi. Ikiwa wakulima wa hapo hawakuhesabu, hesabu itakayosomwa ni ya wageni waliokuja siku moja. Kwa maoni yetu hiyo ni sababu ya kutosha ya kuazima darubini.

Liko na jambo la pili, nalo ni gumu zaidi. Katika nyasi fupi za Kinangop, na mahali pachache penye nyasi za namna hiyo upande wa Mau Narok, Molo na Uasin Gishu, yuko ndege mkubwa kidogo kuliko shomoro, kifua cha manjano, mgongo wa rangi ya majani makavu, na kucha ndefu za nyuma. Wataalamu humwita kucha-ndefu wa Sharpe. Yeye si mgeni. Tena hapatikani Uganda, wala Tanzania, wala nchi nyingine yoyote. Yuko Kenya tu. Hujenga tundu lake chini, katika mashina ya nyasi zinazoota kwa vishungi. Ng'ombe na kondoo hawamwudhi, maana wao ndio wanaozifanya nyasi ziwe fupi apendavyo. Plau ndiyo inayomwondoa. Shamba likilimwa viazi au kabichi hukosa mahali pa kuzaa, na yeye si ndege wa kuhamia mbali.

Hatuwezi kumwambia mtu mwenye ekari nne na watoto wa kusomesha aache shamba lake lote likae nyasi kwa ajili ya ndege. Maneno hayo yangekuwa ya mtu asiyenunua chakula. Lakini wakulima wengi wana pembe ya shamba yenye maji chini yake, ambako viazi huoza kila mwaka wa mvua na gharama ya mbegu hairudi. Pembe hiyo ikiachiwa nyasi za asili na kulishwa kondoo au ng'ombe wa maziwa, ndege atakaa, na hasara ya viazi vilivyooza itakwisha. Na wanaohesabu wakipita hapo, wataandika jambo ambalo hakuna mtu wa nchi nyingine awezaye kuliandika.

Sasa tueleze jinsi ya kuhesabu, kwa kuwa kazi hii haitaki elimu kubwa, yataka uangalifu.

Nenda mapema, jua likiwa nyuma yako, la sivyo bata wote watakuwa weusi machoni pako. Nendeni wawili au watatu, mmoja ahesabu na mmoja aandike, kwa maana mtu akiinamia daftari hupoteza mahali alipofikia. Vaeni viatu vya mpira. Msikaribie matete bila kujua, kwa kuwa Ol'Bolossat ina viboko, na kiboko aliye nchi kavu asubuhi akirudi majini hampishi mtu njia.

Ndege wachache huhesabiwa mmoja mmoja. Wakiwa mamia, hesabu kumi kwanza, utazame wale kumi wamechukua nafasi kiasi gani, kisha endelea kupima kumi kumi kwa jicho mpaka mwisho wa kundi. Ukizoea waweza kwenda mia mia. Rudia mara mbili. Hesabu zikitofautiana sana, rudia mara ya tatu. Kundi likiruka na kutua nyuma yako ulikokwisha kuhesabu, usiliongeze tena, lakini likiruka kwenda mbele, kumbuka kwamba utakutana nalo.

Usimpe ndege jina usilolijua. Andika, "bata, hakujulikana, 14." Bata asiye na jina ni bora kuliko jina la uongo, maana jina la uongo likiisha kuingia kitabuni hakuna atakayeweza kulitoa. Watu wapya hupenda kumwona ndege wa ajabu ambaye hakuna mwingine aliyemwona, na hiyo ni tamaa ya kuangaliwa. Ukimwona kweli, mwite mwenzako naye amwone.

Kisha liko jambo linalowashinda wengi. Ukifika bwawani usione ndege hata mmoja, andika sifuri. Mtu huona haya kurudi na sifuri, akasema, "Hatukwenda huko." Lakini bwawa lenye sifuri mwaka huu, ambalo miaka mitatu iliyopita lilikuwa na bata 60, linatuambia jambo. Huenda limekaushwa, huenda maji yake yameingia dawa, huenda mbwa wamezoea kwenda huko. Pasipoandikwa kitu, hakuna atakayeuliza.

Ukiona ndege waliokufa, hasa wa maji, wengi mahali pamoja, usiwashike kwa mikono wala kuwapeleka nyumbani kwa mbwa au kwa sufuria. Waandike kando, uende kwa daktari wa mifugo au ofisi ya wanyamapori siku hiyo hiyo. Kuna magonjwa ya kuku ambayo huchukuliwa na ndege wa maji, na tena wako watu wanaotega ndege kwa dawa ya wadudu. Katika mashamba ya mpunga ya Bunyala korongo na wageni wengine wameuawa kwa njia hiyo na kuuzwa kuwa kitoweo. Sumu ile haiishi kwa kupikwa.

Mwisho wa kazi andika tarehe, mahali, hali ya hewa, saa ya kuanza na ya kumaliza, na idadi ya watu mliokuwa pamoja. Mwaka ujao rudini mahali pale pale, kwa njia ile ile. Msiongeze bwawa jipya kwa sababu mmesikia lina ndege wengi; au mkiliongeza, liandikwe peke yake. Watakaotaka kushiriki na waulize Makumbusho, Nature Kenya, au vikundi vya watu wa kujitolea walio Kinangop na kando ya ziwa, kabla ya mwisho wa Desemba, ili wapangiwe kipande chao. Anayefahamu njia za skimu na mahali pa kuvuka mitaro hupokelewa vizuri hata kama hajui jina la ndege mmoja, kwa kuwa wageni wenye darubini hupoteza nusu ya asubuhi wakitafuta njia.

Katika maziwa kadhaa hesabu hufanywa tena mwezi wa Julai. Wakati huo wageni wa kaskazini wako kwao wakilea makinda, isipokuwa wachache ambao hawakuwa tayari kuzaa mwaka huo, nao hubaki huku. Wanaohesabiwa Julai kwa sehemu kubwa ni wenyeji: kukuziwa weusi wenye paji jeupe, bata wenye mdomo wa manjano, na korongo wenye taji, ambao nao wamehesabiwa kuwa katika hatari ya kutoweka tangu mwaka wa 2012. Baridi ya Julai huko juu yajulikana, basi chukueni makoti.